Kuhara kwa Wanakondoo na Wanambuzi: Bakteria Wanaohusika, Namna Wanavyotenda na Nafasi ya Kinga

Ikisiri

Kuhara ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya wanakondoo na wanambuzi katika majuma ya kwanza ya uhai. Hata hivyo, neno kuhara hutaja dalili, wala si jina la ugonjwa mmoja. Makala hii inafafanua makundi matatu ya bakteria yanayohusika zaidi, yaani Escherichia coli, Clostridium perfringens na Salmonella, na kueleza namna kila kundi linavyoudhuru utumbo wa mnyama mchanga. Inaonesha kwamba umri wa mnyama siku anapoanza kuhara, hali ya dang'a aliyonyonya na rangi ya kinyesi hutoa mwongozo wa awali, ingawa uthibitisho hupatikana maabara. Aidha, makala inaeleza kwa nini maji na chumvichumvi hutangulia dawa katika tiba, na kwa nini matumizi holela ya viuavijasumu ni hatari kwa mifugo na kwa watu. Inahitimisha kwamba sehemu kubwa ya vifo hivyo huzuilika kabla mtoto hajaanza kuhara.

Maneno muhimu: kuhara, wanambuzi, wanakondoo, bakteria, dang'a, viuavijasumu

1.0 Utangulizi

Katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki na Kati, mbuzi na kondoo ni akiba iliyo karibu zaidi na mkono wa mfugaji mdogo. Mbuzi huuzwa kwa karo ya muhula, kwa nauli ya kwenda hospitali au kwa gunia la mahindi wakati ghala limekauka. Mbuzi mdogo wa Afrika Mashariki, kondoo mwekundu wa Kimaasai na mbuzi wa Mubende nchini Uganda wamezoea joto na malisho haba. Uzoefu huo wa mnyama mzima, hata hivyo, haumkingi mtoto wake katika majuma ya kwanza ya maisha.

Mtoto anapokufa, mfugaji hupoteza zaidi ya mnyama mmoja. Hupotea malisho ya mama aliyebeba mimba kwa siku 150 hivi. Hupotea jike au dume ambaye angeongeza kundi mwaka unaofuata. Na pale ambapo mama hakubali kukamuliwa bila mtoto kunyonya, hupotea pia maziwa ya watoto wa nyumbani.

Ugumu wa kwanza katika kulikabili tatizo hili umo katika lugha yenyewe. Mfugaji husema kwamba wanambuzi wake "wanaharisha", naye muuza dawa humpa dawa ya kuharisha. Jina la dalili limechukua nafasi ya jina la ugonjwa, na kwa sababu jina ni moja, dawa nayo huwa moja. Lakini mwanambuzi wa siku mbili anayetoa kinyesi cha majimaji ya njano na mwanambuzi wa majuma manne anayetoa kinyesi chenye damu huwa hawaugui maradhi yaleyale. Huenda mmoja akahitaji maji yenye chumvi na sukari tu, na mwingine akahitaji dawa ambayo haihusiani kabisa na bakteria. Ufafanuzi unaofuata unakusudia kuyatenganisha maradhi hayo yaliyofichwa chini ya neno moja.

2.0 Utumbo wa Mnyama Mchanga na Nafasi ya Dang'a

Mtoto wa binadamu hupokea sehemu ya kingamwili za mama yake akiwa bado tumboni. Mwanambuzi na mwanakondoo hawapati fursa hiyo, kwa kuwa kondo la nyuma la wanyama wanaocheua haliruhusu kingamwili kupita kutoka damu ya mama hadi damu ya mtoto. Kwa hiyo huzaliwa wakiwa karibu watupu kabisa kwa upande wa kinga, na kinga yao ya kwanza huingia kwa kinywa, kupitia dang'a.

Dang'a ni maziwa mazito ya mwanzo ambayo mama huyaandaa kabla ya kuzaa. Utumbo wa mtoto una uwezo wa kuzinyonya kingamwili zikiwa nzima na kuzipeleka katika damu, lakini uwezo huo ni wa muda mfupi. Huanza kupungua saa chache baada ya kuzaliwa, na baada ya saa 24 hivi mlango huo huwa umefungwa. Dang'a inayonyonywa siku ya pili bado ni chakula, na kingamwili zake bado husaidia ndani ya utumbo, lakini haziingii tena katika damu.

Kipimo kinachopendekezwa kwa mwanakondoo ni takriban mililita 50 kwa kila kilo ya uzito katika mlo wa kwanza, na jumla ya mililita 200 kwa kila kilo katika saa 24 za kwanza. Mtoto wa kilo 3, kwa mfano, anahitaji mililita 150 mapema iwezekanavyo, hasa katika saa mbili za kwanza, na mililita 600 kwa siku nzima. Anayekosa kiasi hicho ni pacha dhaifu anayesukumwa na wenzake, mtoto wa mama mwenye kiwele kilichovimba, mtoto aliyezaliwa machungani akabebwa nyumbani huku mama akiendelea na malisho, na mtoto ambaye dang'a ya mama yake ilikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa kuwa ni maziwa mabaya. Makundi hayo manne ndiyo yanayotangulia kuugua.

Jambo la pili ni uchanga wa utumbo wenyewe. Katika siku za mwanzo mwili wa mtoto hutengeneza kiasi kidogo tu cha tripsini, kimeng'enya kinachovunjavunja protini, na dang'a yenyewe ina viambata vinavyokizuia kimeng'enya hicho. Hali hiyo ni ya manufaa, maana kingamwili ni protini na zingevunjwa kabla ya kufika katika damu. Hata hivyo, kama itakavyoonekana, wapo bakteria wanaonufaika na hali hiyohiyo.

3.0 Bakteria Wanaohusika

3.1 Escherichia coli

Bakteria huyu alielezwa mwaka 1885 na daktari wa watoto Theodor Escherich, ambaye jina lake ndilo linalotumika hadi leo. Aina zake nyingi huishi ndani ya utumbo wa wanyama na watu bila kuleta madhara. Aina inayoleta kuhara kwa wanakondoo na wanambuzi hutofautiana na nyingine kwa kuwa na silaha mbili.

Silaha ya kwanza ni nyuzi fupi za kunata zilizo juu ya mwili wa bakteria, hasa zile ziitwazo F5, ambazo hapo awali zilijulikana kwa jina la K99. Kwa nyuzi hizo bakteria hujishikiza katika ukuta wa utumbo mwembamba ili asisombwe na mwendo wa chakula. Sehemu za ukuta zinazoshikwa na nyuzi hizo huwa nyingi katika siku za mwanzo za uhai, kisha hupungua. Ndiyo maana ugonjwa huu hushambulia zaidi watoto wa siku moja hadi nne, na ni nadra kwa mtoto aliyevuka juma la kwanza.

Silaha ya pili ni sumu ndogo isiyoharibika kwa joto. Sumu hii haiui chembe za utumbo, bali huzibadilishia kazi. Chembe ambazo zilipaswa kunyonya maji na chumvi huanza kuvimwaga ndani ya utumbo. Mtoto hutoa kinyesi chepesi cha njano au cheupe, mkia na mapaja hulowa, macho huingia ndani, kinywa hupoa na nguvu ya kunyonya humwisha. Kifo hutokana na kuishiwa maji na chumvi, pamoja na damu kuzidiwa na asidi. Jambo la kushikwa hapa ni kwamba ukuta wa utumbo haujajeruhiwa. Uwezo wake wa kunyonya sukari pamoja na chumvi bado upo, na juu ya uwezo huo ndipo tiba ya maji ya kunywa inapojengwa.

Bakteria huyu ana sura nyingine pia. Kwa mtoto aliyekosa dang'a, aina nyingine za Escherichia coli huweza kupenya kupitia utumbo au kitovu kibichi na kuingia katika damu. Hapo kuhara huweza kuwa kidogo au kusiwepo kabisa, ilhali mtoto hulegea, viungo huvimba na kifo huja haraka.

3.2 Clostridium perfringens

Bakteria wa kundi hili walielezwa mwaka 1892 na William Welch na George Nuttall nchini Marekani. Hutengeneza mbegu ngumu zinazodumu katika udongo kwa muda mrefu, na pia huishi kwa idadi ndogo katika utumbo wa wanyama wazima wenye afya. Kuwapo kwao, kwa hiyo, si ugonjwa. Ugonjwa huanza wanapoongezeka ghafla na kutoa sumu. Aina tatu ndizo zinazohusika zaidi hapa. Aina B hutoa sumu ya beta na sumu ya epsiloni. Aina C hutoa sumu ya beta. Na aina D hutoa sumu ya epsiloni.

Tofauti ya umri wa wanaougua inaelezwa vizuri na tripsini iliyotajwa awali. Sumu ya beta huharibiwa na tripsini. Mtoto wa siku chache, ambaye tripsini yake ni haba na inazuiwa na dang'a, hana cha kuivunja sumu hiyo. Kwa sababu hiyo aina B na C hushambulia zaidi katika siku za mwanzo hadi juma la pili. Ukuta wa utumbo hufa na kuvuja damu, kinyesi huwa chekundu au cha kahawia, mtoto hulia kwa maumivu ya tumbo, na wengine hukutwa wamekufa asubuhi bila dalili yoyote kuonekana usiku.

Sumu ya epsiloni ina tabia iliyo kinyume: hutolewa ikiwa haina makali, na tripsini ndiyo inayoiamsha. Ndiyo maana aina D huonekana kwa watoto wakubwa kidogo, hasa wenye majuma matatu hadi kumi, na mara nyingi kwa wale walionenepa. Mtoto anayenyonya maziwa mengi, au kundi lililohamishiwa ghafla kwenye majani mabichi baada ya mvua au kwenye nafaka, hupeleka wanga na sukari nyingi katika utumbo, na bakteria hupata karamu. Kwa kondoo dalili kuu ni kifo cha ghafla au kupigwa degedege, na kuhara huweza kusiwepo. Kwa mbuzi, kuhara kwa majimaji yenye utando na damu huonekana zaidi. Mfugaji anayeshangaa kwa nini amefiwa na mwanakondoo aliye mnono kuliko wote ana sababu ya kuushuku ugonjwa huu.

3.3 Salmonella

Kundi hili limepewa jina la Daniel Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani. Salmonella Typhimurium na Salmonella Dublin ni miongoni mwa wanaojulikana zaidi kwa mbuzi na kondoo. Tofauti na Escherichia coli wa kuhara, Salmonella hupenya ndani ya ukuta wa utumbo, huleta uvimbe na huweza kuendelea hadi kwenye damu. Homa hupanda, kinyesi hunuka sana na huweza kuwa na damu, makamasi na vipande vya utando. Hushambulia umri wowote, ingawa wachanga hufa zaidi, na majike wenye mimba huweza kuiharibu mimba katika mlipuko huohuo.

Chanzo huwa ni mnyama anayebeba bakteria bila kuugua, maji au chakula kilichochafuliwa, pamoja na panya na ndege. Mbebaji huanza kuwatoa kwa wingi anapopata shida, kama vile safari ndefu, njaa, msongamano au uzazi. Mnyama mpya aliyenunuliwa mnadani na kuchanganywa na kundi siku hiyohiyo ni njia mojawapo ya ugonjwa kuingia bomani.

Uzito wa kundi hili haukomei kwa mifugo. Salmonella huambukiza watu kupitia mikono, maziwa mabichi na nyama isiyoiva. Katika kaya ambazo wanambuzi hulazwa chumba kimoja na familia ili wasidhurike kwa baridi au fisi, mtoto mdogo anayewabeba na kuwalisha ndiye aliye karibu zaidi na hatari.

3.4 Visababishi vingine vinavyofanana

Si kila kuhara kunatokana na bakteria. Virusi vya rota huharibu ncha za vidole vidogo vya utando wa utumbo. Kriptosporidia, ambao ni protozoa, huonekana sana kati ya siku ya tano na ya ishirini, na huambukiza watu pia. Koksidia huhitaji takriban majuma mawili hadi matatu kuukamilisha mzunguko wao ndani ya utumbo, kwa hiyo mtoto wa siku tano anayehara hawezi kusingiziwa koksidia, ilhali mtoto wa mwezi mmoja anayehara damu ni lazima ashukiwe. Kubadilishiwa maziwa ghafla au kunyweshwa maziwa mengi kwa mara moja nako huleta kuhara. Visababishi hivi huweza kukutana na bakteria ndani ya mtoto mmoja, na katika vyote hivyo kiuavijasumu hakiui chanzo cha awali.

4.0 Utambuzi

Mfugaji na mhudumu wa afya ya mifugo huweza kufika mbali kwa kuuliza maswali machache kwa mpangilio. Mtoto ana siku ngapi? Je, alinyonya dang'a, na saa ngapi baada ya kuzaliwa? Ni mmoja au ni wengi? Kinyesi ni cha majimaji matupu, au kina damu na utando? Joto la mwili limepanda au limeshuka? Chakula cha mama au mtoto kimebadilishwa karibuni? Majike walichanjwa? Kuhara kwa majimaji katika siku nne za kwanza bila homa huelekeza kwa Escherichia coli. Damu na vifo vya haraka katika majuma mawili ya kwanza huelekeza kwa Clostridium aina B au C. Vifo vya ghafla vya watoto wanono huelekeza kwa aina D. Homa kwa wanyama wa umri mchanganyiko huelekeza kwa Salmonella.

Maelekezo hayo si uthibitisho. Maabara nayo inahitaji kuulizwa swali sahihi. Kumwotesha Escherichia coli kutoka katika kinyesi hakuthibitishi lolote, kwa kuwa yumo hata katika kinyesi cha mtoto mzima wa afya. Kinachotafutwa ni aina yenye nyuzi za F5. Vivyo hivyo, kwa Clostridium kinachotafutwa ni sumu ndani ya utumbo. Sampuli bora ni kinyesi kibichi cha mtoto aliyeanza kuhara karibuni na ambaye hajapewa dawa, au mzoga wa mtoto aliyekufa muda mfupi uliopita. Mzoga uliolala juani kutwa huwa umekwisha kuoza, na bakteria wa uozo hufunika ushahidi.

5.0 Tiba

Kinachoua katika kuhara kwingi ni upotevu wa maji. Mtoto wa kilo 3 aliyepoteza asilimia 10 ya uzito wake kwa njia hiyo amepoteza mililita 300, yaani ujazo wa chupa ndogo ya soda. Kiasi hicho chaonekana kidogo, lakini kwake ni hatari, na upotevu unapokaribia asilimia 15 kifo kipo mlangoni. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kurudisha maji, chumvi na sukari. Dawa ya maji ya mifugo iliyotengenezwa kiwandani ndiyo bora; isipopatikana, mchanganyiko wa dharura wa lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi huweza kutumika. Mtoto hupewa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Asiyeweza kumeza asilazimishwe, maana maji huingia mapafuni. Huyo anahitaji mtaalamu. Maziwa ya mama yasikatizwe kwa muda mrefu, na mtoto aliyepoa apashwe joto.

Viuavijasumu vina nafasi yake pale ambapo bakteria wameingia katika damu: mtoto ana homa, amelegea, amevimba viungo au anatoa damu. Daktari wa mifugo ndiye anayechagua dawa, kipimo na idadi ya siku. Katika ugonjwa wa sumu za Clostridium, dawa huweza kupunguza bakteria lakini haiiondoi sumu iliyokwisha kuingia mwilini, na hivyo matumaini ya tiba ni madogo. Dawa ya kinywa inayotolewa bila sababu huua pia bakteria wema wa utumbo na huweza kurefusha kuhara.

Matumizi holela yana gharama ya pili, iliyo kubwa zaidi. Bakteria wanaosalia baada ya dozi pungufu ni wale wanaoistahimili dawa, na huweza kupitisha uwezo huo kwa bakteria wengine, wakiwamo wanaowaugua watu. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mpango wa kimataifa dhidi ya usugu wa dawa mwaka 2015, na nchi za Afrika Mashariki zikaandaa mipango yao ya kitaifa. Kenya na Tanzania zilianza na mipango ya mwaka 2017. Mafanikio ya mipango hiyo yanategemea pia uamuzi unaofanywa katika duka la pembejeo, pale chupa moja inapouzwa kwa kila aina ya kuhara.

6.0 Kinga

Kinga huanza kabla ya uzazi. Jike aliyelishwa vizuri katika majuma sita ya mwisho wa mimba huzaa mtoto mwenye nguvu na hutoa dang'a ya kutosha. Chanjo ya Clostridium hutolewa kwa mama: kwa mara ya kwanza hudungwa dozi mbili zilizopishana majuma manne hadi sita, ya pili ikiwa majuma mawili hadi manne kabla ya kuzaa, kisha dozi moja ya kukumbusha kabla ya kila uzazi. Kinga ya mbuzi hudumu muda mfupi kuliko ya kondoo, hivyo huhitaji kukumbushwa mara nyingi zaidi. Ni muhimu ieleweke kwamba chanjo hiyo humfikia mtoto kwa njia ya dang'a pekee. Mama aliyechanjwa ambaye mtoto wake hakunyonya kwa wakati ni sawa na mama ambaye hakuchanjwa.

Wakati wa uzazi, majike waliokaribia kuzaa wabaki karibu na boma, mahali pakavu na pasafi. Kitovu kichovywe katika dawa ya iodini mara baada ya kuzaliwa. Mtoto asiyesimama akamuliwe dang'a ya mama yake na kunyweshwa kwa chupa. Mama akiwa hana, itumike ya jike mwingine wa kundi hilohilo aliyezaa siku hiyo.

Baada ya uzazi, adui ni unyevu na msongamano. Vizimba vya watoto vinavyotumika usiku baada ya usiku hujenga tabaka la kinyesi, na watoto wanaozaliwa mwishoni mwa msimu hukutana na uchafu ulioachwa na wenzao wa mwanzo. Ndiyo maana vifo huongezeka kadiri msimu unavyosonga. Kuhamisha kizimba, kuondoa samadi, kuanika sakafu juani na kupaka chokaa hupunguza mzigo huo. Kwa mbuzi wa maziwa, banda lililoinuliwa lenye sakafu ya mbao zilizoachana huacha kinyesi kianguke chini. Watoto wanaohara watengwe na wahudumiwe mwisho, baada ya wazima, na mhudumu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au mtoto wake mwenyewe. Mnyama mgeni atengwe kwa majuma matatu hivi kabla ya kuchanganywa na kundi.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba kuhara kwa wanakondoo na wanambuzi ni dalili inayoletwa na magonjwa mbalimbali, na kwamba bakteria wanaohusika hutofautiana kwa umri wanaoushambulia, kwa sumu zao na kwa tiba inayowafaa. Escherichia coli humwaga maji ya mwili bila kuujeruhi utumbo. Clostridium perfringens huua kwa sumu kabla dawa haijafika. Salmonella hupenya hadi kwenye damu na huvuka hadi kwa watu. Licha ya tofauti hizo, njia ya kuwazuia inakutana mahali pamoja: mama aliyelishwa na kuchanjwa, dang'a katika saa za kwanza, na mahali pakavu pa kulala. Hakuna kati ya haya linalohitaji mitambo ya gharama.

Kwa upande wa lugha, wataalamu wa mifugo na wa Kiswahili wana kazi ya pamoja ya kuandaa vipeperushi na vipindi vya redio vinavyoyataja magonjwa haya kwa majina yanayotofautiana na kueleweka na mfugaji, pamoja na umri wa mnyama anayeshambuliwa. Mfugaji anayefika dukani na kusema kwamba mtoto wake ana siku mbili, hakunyonya dang'a na anahara majimaji bila damu, amekwisha kutoa nusu ya utambuzi. Na muuzaji anayemsikiliza ana sababu ya kumpa kwanza pakiti ya chumvichumvi badala ya sindano.